Peninah, Mtama Wenye Kiu na Chupa ya Kahawia

Maneno hayo yalinipata soko la Gakoromone mwezi wa Januari mwaka huu wa tisini na saba, nikiwa nimeinama kupanga ndizi. Cicily, ambaye meza yake na yangu zinagusana, alisema kule Embu kuna kituo ambapo watu wanaweka kitu juu ya mbegu. Hakionekani kwa macho. Kinaikalia mbegu na kuiambia ilale, nayo inalala. Mwanamke akikishika, alisema, kinahama, kinakwenda kukalia mbegu yake mwenyewe.

Hakuwa anasema kwa ubaya. Alijua binti yangu Peninah anafanya kazi katika kituo hicho, na alijua ana mimba ya miezi minne. Alimalizia kwa kuniambia, "Mama Peninah, ningekuwa wewe ningemtoa huko mapema," halafu akageuka kumuuzia mtu nyanya.

Nilijaribu kuyatupa hayo maneno. Nikiyatupa asubuhi, jioni nayakuta jikoni yamekaa kwenye kigoda yananingoja. Kanisani nilikuwa nikifumba macho, badala ya maombi ninaona kitu kidogo kimekaa juu ya mbegu, kimekunja miguu.

Ndiyo sababu naandika habari hii, mimi ambaye shule niliacha darasa la saba. Naandika juu ya kazi ya Peninah kwa sababu watu wanaisema bila kuijua. Tena naandika kwa sababu kulikuwa na hatari ya kweli karibu na ile mimba, na hiyo hakuna aliyeitaja sokoni. Hiyo niliipeleka mimi, kwa mikono yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi Peninah anafungua mlango wa nyumba ya wavu. Kituo chao kiko nje ya mji wa Embu, upande unaoshuka kuelekea Siakago, mahali ambapo upepo unaanza kuwa mkavu. Amevaa gambuti, sweta ya kijani na leso iliyofungwa juu ya tumbo. Mkononi ana makasi na daftari.

Ndani kuna ndoo mia moja arobaini na nne za udongo, mistari minne, kila mstari thelathini na sita. Kila ndoo ina mche mmoja wa mtama. Mistari miwili ni mtama wa Mbeere, mbegu iliyotoka kwa wakulima wa Siakago. Miwili ni mtama wa kisasa, ule wa masuke makubwa, ambao jua likikaza unakufa haraka.

Peninah anahesabu majani kutoka juu, anakata la tatu, analifunga kwa karatasi ya fedha na kulitumbukiza kwenye mtungi unaotoa moshi mweupe. Moshi huo si wa moto. Ni baridi kali kupita baridi yoyote ya mlimani. Ni ile hewa iliyogeuzwa kuwa maji, ambayo watu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano wanatembea nayo, na gari lao ndilo linakiletea kituo kila Jumanne. Jani likiingia humo linakuwa gumu kama kioo.

Kisha anakaa na kulisaga kwa kinu kidogo cheupe. Kazi ya Peninah hasa ni hiyo kusaga. Ukisimama kidogo tu, jani linayeyuka, na likiyeyuka, kile wanachokitafuta kinaharibika. "Mkono haupumziki mpaka liwe unga," anasema. "Hata mtu akiniita, namjibu nikiwa nasaga."

Aliingia kituoni miaka sita iliyopita, kama kibarua wa kupalilia. Siku moja walijaribiwa vibarua wanne kusaga majani, na watatu yaliwayeyukia. Peninah alisaga mpaka akaambiwa basi. Mikono yake ilizoea tangu utoto, maana mwere wa uji, yaani uwele, mimi sipeleki kwa posho mill, nausaga kwa jiwe nyumbani, na yeye ndiye alikuwa msaidizi wangu.

Mume wake ni Gichovi, mwalimu wa shule ya msingi kule Siakago. Wana msichana wa miaka mitano, Tabby, aliyechukua jina la mama yake Gichovi kama desturi inavyotaka. Huyu aliyekuwa tumboni, akiwa msichana, angechukua langu. Nalisema mapema ili msomaji ajue nilikuwa nangoja nini.

Katikati ya mwezi wa pili nilishindwa. Nilisaga mwere, nikapika uji, nikauacha uchachuke siku mbili, nikafunga safari kwenda Embu. Uji wa mwere uliochachuka ndio tunawapelekea binti zetu wakiwa na mimba na baada ya kuzaa. Mama asiyepeleka uji husemwa. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimepeleka, na Januari pia. Lakini safari hii uji ulikuwa kisingizio. Nilikuwa nakwenda kumtoa.

Nililala kwake. Asubuhi nikamwambia nataka kuona mahali anapofanya kazi. Alifurahi, maskini, akadhani ni mapenzi tu.

Pale kituoni alinipa kigoda ndani ya nyumba ya wavu, akanionyesha miche kutoka mbali, akaniambia nisiguse mtungi wa baridi. Kisha akaenda ofisini kuandika uzito wa ndoo. Alikuwa akizipima kila siku kujua zimepoteza maji kiasi gani.

Nikabaki na ile miche.

Mama mwenzangu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa saa nne, jua limeanza kuingia, na majani yote yalikuwa yamejikunja kama sigara. Udongo ulikuwa umepasuka na kuacha kingo za ndoo. Pembeni, hatua tatu tu, palikuwa na debe limejaa maji na kopo la kunyweshea limelala juu yake. Ukutani karatasi ya Kiingereza, sikuisoma. Mwanamke aliyelelewa Nkubu hawezi kukaa karibu na debe la maji akitazama miche inakufa. Nilifikiri mtoto wangu amechoka kwa sababu ya mimba, amesahau. Nilifikiri wakubwa wake watamkuta na makosa.

Nikachukua kopo nikaanza kunywesha. Ndoo moja, kopo moja.

Peninah aliporudi alisimama mlangoni. Hakupiga kelele, huyo mtoto hakujaliwa kelele. Alikuja akanishika mkono wenye kopo.

"Mami, umefika wapi?"

Nikamwambia mstari huo nimeumaliza, na huu mwingine ndio naanza.

Aliweka daftari chini, akakaa kwenye kigoda changu, akashika tumbo. Ndipo nikajua. Miche ile ilikuwa imenyimwa maji kwa makusudi siku kumi na tisa. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mimi nilikuwa nimenywesha ndoo thelathini na tisa.

Aliyeitwa ni Daktari Muthamia, mkubwa wa mradi, Mmeru mwenzetu. Udaktari wake ni wa mimea. Nilisimama nikingoja kufukuzwa pamoja na mtoto wangu. Na nikisema kweli, sehemu fulani ya moyo ilifurahi. Akifukuzwa, si nitakuwa nimempata?

Alivua kofia akaitazama miche. Yale majani ya mwanzo yalikuwa yameanza kukunjuka. Akaniambia kwa Kimeru, polepole, kwamba hii miche ilikuwa karibu kutuambia kitu. Kisha akamgeukia Peninah akamwambia akate majani ya ndoo nilizonywesha, sasa hivi, na tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Mstari umeharibika, alisema, lakini tutazame unavyoamka.

Sasa nikaona kama ni aibu nimeshaipata yote, hakuna iliyobaki. Nikamwambia nilichosikia Gakoromone. Kitu kinachokalia mbegu. Kinachohama.

Daktari hakucheka. Aliuliza nani alimwambia huyo mama. Peninah akainamisha kichwa, akasema labda ni yeye. Mwezi wa nane, kwenye harusi moja huko Nkubu, wanawake walimuuliza anafanya kazi gani, akawaambia wanatafuta protini inayokalia jeni na kuiwasha au kuizima. Neno lilitoka kwake likiwa zima. Kufika Gakoromone lilikuwa limeota pembe.

Aliponieleza mimi alichukua mfano wa kanisani, na nauandika kama alivyousema, maana ndio ulioingia kichwani mwangu.

Ndani ya kila chembe ya mmea, wenyewe wanaiita seli, kuna maandishi marefu kama uzi. Ndiyo DNA. Mzizi una maandishi yale yale ya jani, na jani yale yale ya suke. "Ni kama kitabu cha nyimbo, mami," alisema. "Kila kanisa lina nyimbo zote. Lakini Jumapili haziimbwi zote. Kuna mtu anasimama anatangaza namba."

Hao watangazaji ndio protini wanazozitafuta. Kila moja ina mahali pake kwenye uzi, mwanzoni mwa jeni fulani. Hupapasa uzi kwa nje, bila kuufungua, mpaka ikute mahali panapolingana na umbo lake. Ikikaa hapo, seli inaanza kusoma jeni ile. Nyingine kazi yake ni kukaa ili jeni isisomwe. Ndiyo maana jani halifanyi kazi ya mzizi.

Maji yakipungua, mmea hauna miguu ya kukimbia. Unachofanya ni kubadilisha nyimbo. Protini za kiangazi zinakalia mahali pake, na jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa: mmea unafunga vitundu vya majani, unapunguza kukua, unatengeneza vitu vya kulinda seli zake zisikauke. Mtama wa Mbeere unafanya hivyo mapema. Ule wa kisasa unachelewa, na mpaka uanze jua limeshamaliza kazi. Kwa nini mmoja unawahi na mwingine unachelewa? Hilo ndilo swali walilokuwa wamekaa nalo siku kumi na tisa, nami nikalimwagia maji.

"Na kinahama?" nikauliza.

Daktari akasema protini za namna hiyo ziko hata kwenye ndizi ninazouza. Ziko kwenye maharagwe, kwenye mbuzi, na mwilini mwangu mimi ninayeuliza. Ukizila, tumbo linazisaga kama chakula kingine. Tena hazigandi. Zinakaa, kazi ikiisha zinaondoka. Mtangazaji wa nyimbo naye huketi.

Nilisikia mzigo unashuka mabegani. Nikasema basi, kama ni hivyo, tunywe uji.

Nikafungua kiondo, nikatoa vikombe na chupa yangu.

Ilikuwa chupa nzuri, ya kioo cha kahawia, ya lita moja, yenye kifuniko cheusi cha kuzungusha ambacho hata uilaze haimwagi tone. Kibuyu kinamwaga njiani, wasafiri wenzako wanakunja nguo wakikutazama vibaya. Chupa hii ilikuwa imenisaidia safari mbili zilizopita. Nyumbani kwake huwa namimina kwenye sufuria jikoni kabla hajarudi kutoka kazini, kwa hivyo Peninah alikuwa hajawahi kuiona; safari hii uji ulikuwa bado umo ndani. Vikombe viwili nilikuwa nimeshamimina, na Daktari alikuwa ananyoosha chake. Peninah naye alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Akaacha kucheka.

"Mami, chupa hii ulitoa wapi?"

Nikasema hapa hapa kwenu. Kwani kuna ubaya?

Ukweli ni huu. Mwezi wa tisa nilipokuja kumtembelea, niliishia langoni mwa kituo, nikamkuta mfagiaji wao, Kiunga, akipeleka takataka kwenye shimo. Kwenye toroli yake kulikuwa na chupa tupu. Sisi wamama tukienda kutembelea mtoto kazini, tunauliza kama kuna mkebe, kama kuna chupa, kama kuna debe. Kila mtu anajua. Kiunga aliniheshimu kama mama wa Peninah, akanipa nne. Ile ya kahawia ilikuwa na karatasi, akaibandua yeye mwenyewe ili nisihangaike.

Peninah alichukua vikombe vyote akavimwaga nje. Alikuwa anatembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Kiunga aliitwa. Daktari alimuuliza karatasi ya ile chupa ilikuwaje. Kiunga akasema ilikuwa na Kiingereza kingi na alama fulani ambayo alidhani ni ya kampuni.

"Mimi sisomi Kiingereza, Daktari," alisema. "Na hakuna aliyewahi kunisomea."

Daktari akavaa glavu, akaichukua ile chupa.

Sasa nieleze hiyo chupa ilikuwa na nini. DNA haionekani. Wakitaka kuiona wanaitembeza kwenye kitu kinachoteleza kama maji ya mlenda yaliyoganda, wakisukuma kwa umeme. Uzi mtupu unakimbia mbele. Uzi uliokaliwa na protini unachelewa nyuma, kama mwanamke anayepanda mlima na kuni mgongoni. Kwa kuchelewa huko wanajua protini imekaa. Halafu wanaweka rangi nyekundu, ile iliyokuwa inakaa kwenye chupa kama yangu, wanazima taa na kuwasha taa ya namna yake, na nyuzi zinang'aa.

Rangi hiyo inang'aa kwa sababu imeingia ndani ya DNA yenyewe. Na haichagui DNA ya nani. Protini ina namba yake kitabuni, alisema Peninah baadaye, lakini rangi haina namba. Inajisukuma kati ya kurasa popote, na msomaji akifika hapo anaweza kuruka neno au kusoma neno ambalo halikuandikwa. Ndiyo maana wanaishika kwa glavu. Ndiyo maana wenye mimba hawaishiki kabisa, na Peninah alikuwa ameondolewa kwenye meza hiyo tangu aliposema ana mimba.

Alikuwa ameondolewa kwenye rangi mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili nikampelekea nyumbani.

Tuliingia kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, Daktari, Peninah na mimi. Niliomba mwenyewe niingie. Walinivalisha kioo cha kulinda uso. Chupa ilikuwa imeoshwa kwa jivu na maji moto mara nyingi, nje ilikuwa safi kuliko vikombe vyangu. Daktari akazima taa, akawasha ile nyingine.

Tumbo la chupa lilikuwa giza. Lakini shingoni, pale kifuniko kinapozunguka, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya machungwa, uking'aa kama kaa la moto linalokaribia kuzima. Na ndani ya kifuniko, duara lingine.

Nilisikia Peninah akivuta pumzi. Mimi niliomba taa iwashwe.

Daktari hakunidanganya, na hilo namshukuru. Alisema kilichobaki ni kidogo sana, kiko mahali ambapo uji haukai, na huenda hakuna kilichoingia kinywani mwake. Alisema hata wataalamu hawajui rangi kidogo namna hiyo inamfanya nini mtoto tumboni. "Siwezi kukuapia kwamba hakuna kitu," alisema. "Naweza kukuambia tu kwamba hofu yako ni kubwa kuliko kile nilichokiona."

Daktari wa kina mama aliyemwona wiki hiyo alisema karibu hayo hayo. Ngojeni, njooni kliniki, msikose.

Kungoja. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita. Wenye kungoja wanajua.

Nilianza na chupa zilizobaki. Mbili zilikuwa kwangu, nimezitia chumvi na mafuta. Ya nne nilikuwa nimemzawadia Cicily. Jumatatu nilipofika Gakoromone nikamkuta anamsimulia mteja habari ya kile kitu kinachokalia mbegu, na nyuma ya mgongo wake, juu ya sanduku, kuna chupa kutoka kituo kile kile, imejaa sukari ya chai yake.

Nikamwambia nimekuja kuchukua chupa.

"Unanipa halafu unaninyang'anya?" akasema, akiwatazama wateja ili wasikie. "Mama Peninah, uzee unakuja na ubahili."

Nilimvuta pembeni nikamweleza yote, uji na taa na ule mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaimwaga ile sukari chini, yote, bila kuniuliza kitu, akanipa chupa akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Nilizirudisha zote kituoni. Hizo nyingine hazikung'aa. Lakini nani angejua bila taa?

Wiki tatu baadaye Peninah alinionyesha picha ya majani yale. Karatasi nyeusi yenye mistari myeupe. Kwa mtama wa Mbeere uliokuwa na kiu, mstari wa juu, ule wa uzi unaochelewa, umesimama wazi. Kwa ndoo nilizonywesha, baada ya saa moja umefifia, na baada ya saa mbili ni kivuli tu. Zile protini zilikuwa zimepata habari ya maji, zikaanza kuondoka. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu, "Mstari wa Mami." Peninah alisema ni Daktari.

Hata hivyo walirudia. Ndoo mpya, siku ishirini na moja mpya, na tumbo la miezi saba. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikuwa pale na makasi yake, akivaa glavu hata mahali pasipohitaji. Nilimuuliza kwa nini haachi kazi. Akasema, "Nikiacha, nitakaa nyumbani nikifikiria chupa. Hapa nafikiria mtama."

Alikuja kujifungulia kwangu Nkubu. Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na tisa Juni katika hospitali ya Wakatoliki, mchana, mvua ya manyunyu ikinyesha. Msichana.

Nesi aliponipa akiwa amefungwa blanketi nilimfungua pale pale. Peninah alikuwa amelala, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Nilihesabu vidole vya mikono, nikahesabu vya miguu, nikapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, nikatazama ndani ya kinywa. Nilihesabu tena. Nesi akaniambia, "Cucu, wote wapo." Ndipo nikamfunga.

Daktari wa hospitali alisema mtoto ni mzima, aletwe kliniki kila mwezi, aangaliwe macho, masikio na namna anavyokaa. Zaidi ya hapo hakuahidi, na mimi sikumwomba. Amefikisha miezi mitatu. Anashika kidole cha mtu hakiachi. Anaitwa Karimi, na nikisikia akiitwa nageuka.

Peninah amerudi kazini mwezi huu. Mpango wake ni mmoja, na ameuandika kwa barua akampa Daktari Muthamia: kila chupa ya maabara iwe na karatasi ya Kiswahili pia, yenye maneno makubwa ambayo Kiunga anaweza kusoma, na kila chupa inayoisha ivunjwe mbele ya mtu kabla ya kutoka mlangoni. Daktari amekubali. Kiunga amepewa glavu nzito, nyundo na pipa la bati lenye kufuli. Anasema siku hizi wamama wakimwomba chupa anawaonyesha pipa.

Mvua za mwezi wa kumi zikianza, Gichovi atapanda mistari sita ya mtama kwenye shamba la shule kule Siakago. Mitatu ni ya mtama wa Mbeere, na mitatu ni mbegu mpya ambayo kituo kimeizalisha kwa kuuchanganya na ule wa kisasa. Peninah anataka kuona kama watoto wa mchanganyiko huo nao watabadilisha nyimbo mapema jua likikaza. "Nikiona majani yake yamejikunja kabla ya yale mengine," anasema, "nitajua wamesikia namba."

Uji bado ninapeleka. Kabla msomaji hajaweka gazeti chini, haya ndiyo ya kuepuka. Nimeyaandika kama ninavyowaambia binti zangu.

Usiombe chupa, mkebe wala debe lililotoka maabara, hospitali, dip ya ng'ombe au ghala la dawa.

Ukipewa kwa heshima, kataa kwa heshima.

Usiamini jivu na maji moto. Mstari niliouona ulikuwa umeoshwa.

Usibandue karatasi ya chupa, hata kama huwezi kuisoma. Tafuta anayeweza.

Usilete nyumbani glavu za kazini za kufulia au kuoshea choo.

Usisage mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi, hata njaa ikiwa kali, hata ukiziosha.

Usishike rangi ya maabara ukiwa na mimba. Sema mapema kwamba una mimba.

Usinyweshe mmea wa mtu kabla ya kumuuliza kwa nini una kiu.

Usipeleke neno sokoni kabla ya kwenda kulitazama lilikotoka.

Usimbebee binti yako uji kwa chupa usiyojua ilizaliwa wapi. Beba kibuyu. Kikimwaga, kimwage.